Njia Inayozunguka Vigango

Mbwa wa mzee Kambi alikutwa ananing'inia kwenye nguzo ya pembea, kamba shingoni, tumbo limepasuliwa toka kidarini hadi mkiani. Watoto waliopita kubembea kabla ya shule ndio waliomwona kwanza, na mmoja wao alitapika papo hapo juu ya viatu vyake. Mzee Kambi alikuja na kisu, akaikata kamba, akamzika mbwa wake kando ya ua, akanawa mikono, kisha akaenda kutembea kama alivyotembea kila asubuhi. Mama Jedida, jirani yake, alipoona hivyo alipiga simu Malindi.

"Linet, mwanangu, salamu baadaye. Njoo nyumbani leo. Wanataka kumuua babako."

"Nani hao?"

"Watoto wetu," alisema Jedida, na simu ikakatika.

Linet Kambi alikuwa msanifu majengo, na kituo cha mazoezi na siha cha Jilore, penye zile pembea, kilikuwa kazi yake. Alikwisha kuchorea watu nyumba za kifahari ufuoni, zenye vidimbwi vya kuogelea ambavyo wenyewe huviogelea mara moja kwa mwaka, lakini hiki alikichora kwa moyo. Babake alitoa shamba. Bhavik Gokaldas, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alitoa saruji na mabati, kwa sababu mamake, Motiben, aliambiwa na daktari atembee, na barabara za Malindi hazina pa kutembea mwanamke mzima ila uvunguni mwa tuktuk. Kila Jumamosi asubuhi Bhavik alimleta Jilore kwa gari, naye Motiben akatembea na sari yake na raba nyeupe, huku akiwakemea wenzake waliochelewa.

Shida ilikuwa katikati ya shamba. Palikuwa na vigango vitatu, zile mbao za kuchongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao wa heshima waliofariki: cha babake Kambi, cha babu yake, na kimoja kilicholiwa na mchwa hata hakijulikani tena kichwa wala kiuno. Bhavik alishauri visogezwe pembeni. Kambi alicheka.

"Kigango hakihamishwi, mwanangu. Ukimhamisha mtu aliyelala, akiamka atakuuliza."

Basi Linet hakuvihamisha. Aliichora njia ya wazee ivizunguke. Kushoto aliweka banda la vyuma la vijana, kulia pembea za watoto, langoni kibanda cha muuguzi wa kupima presha na sukari, na katikati ile njia, duara pana la udongo ulioshindiliwa hadi ukawa tambarare kama sahani. Hapakuwa na ukuta baina ya rika na rika, na hakufanya hivyo kwa kubahatisha. Huku kwetu wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya mvi zao tu, wakidaiwa ni wachawi, na Linet alikua akilisikia hilo. Alitaka kila kijana amwone mzee akitoka jasho kama yeye. Alijiambia kwamba mtu humwogopi ukimwona anahema.

Lilikuwa wazo zuri, na mimi sitamcheka. Lakini alichora kila kitu, asichore saa. Vijana walikuja jioni, jua likishapoa. Wazee walikuja alfajiri, kabla ya kwenda shamba, kukiwa bado kuna ukungu. Walitembea kimya maana pumzi ilikuwa ndogo, wengine na fimbo, wamejitanda shuka na leso. Sasa hebu simama barabarani saa hiyo, wewe uliyezaliwa Jilore, uone wazee wanazungukazunguka vigango gizagiza bila kusema neno. Utafikiri nini? Kwenye karatasi lilikuwa duara tu. Binti wa Kigiriama aliyesoma vitabu vyote vya majengo alisahau namna macho ya kwao yanavyoona.

Na Kambi hakuwa kimya kabisa. Kila alipokifikia kigango cha babake alikigusa kwa kiganja, akasema, "Taire," yaani ile salamu ya kuombea, kisha akawataja watu wa nyumba yake ili marehemu awaangalie: Linet, Fondo, Lewa. Kwa desturi akisema mmoja "Taire," wengine huitikia "Za Mulungu." Yeye hakuwa na wa kumwitikia. Jedida alikuwa Mkristo wa kanisa linalokataza hayo, na Motiben alikuwa na miungu yake.

Fondo alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Kambi. Alilelewa katika nyumba ile ile na Linet, wakala sahani moja, wakapigwa kwa ufito mmoja. Yeye ndiye aliyetengeneza vyuma vya vijana, kwa kumimina saruji ndani ya mikebe ya rangi na kuchomeka bomba la maji, na mabega yake yalikuwa yamepanuka hata mashati yakamkataa. Siku nyingine aliwahi kuja kunyanyua alfajiri. Ndivyo alivyomsikia mzee akilitaja jina la Lewa.

Lewa alikuwa mwanawe Fondo, wa kwanza na wa pekee, mtoto aliyekuwa bado anavaa kaptula nyuma mbele. Homa ilipompanda, mzee Kambi aliliweka jina lake mbele ya mengine, akalirudia kila duara. "Taire. Lewa. Lewa." Homa ilimpanda kichwani, na mtoto akafia hospitali, mikononi mwa mamake.

Linet alifika Jilore mchana. Alimkuta Jedida mbele ya nyumba anajipaka dawa ya nywele, ile nyeusi ya kuficha mvi, na jasho limeiteremsha hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinicheke. Heri niwe mzee kichekesho kuliko niwe mzee maiti. Mwambie na babako ajipake, mimi amenikatalia."

Kambi alikuwa ndani, ananoa jembe. Linet alimwamkia, akakaa karibu naye, akamwambia wazi kwamba anaogopa, kwamba gari liko nje, kwamba ana chumba kizima Malindi, akae huko hata mwezi.

"Na nikirudi?"

"Watakuwa wamepoa, baba."

"Nikikimbia nimekiri. Wataichoma nyumba, kisha watamfuata Jedida, kisha mwingine. Mimi nimetumwa na muuguzi nitembee. Sukari yangu imeshuka. Nitatembea."

"Basi usiende alfajiri. Nenda mchana, watu wote wakuone."

Mzee aliliweka jembe chini, akamtazama bintiye. "Hilo ungelisema tangu mwanzo lingefaa," alisema. "Sasa nikibadilisha saa watasema nimebadilisha uchawi."

Maneno hayo yalimchoma Linet kwa sababu yalikuwa kweli. Alitoka akaenda kwa Fondo.

Fondo alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, macho mekundu, panga lipo miguuni halifichwi. Vijana watatu walisimama nyuma yake, wote wa banda la vyuma. Linet aliwajua kwa majina. Mkewe Fondo alikuwa mlangoni, ameishika ile kaptula ndogo mkononi.

"Pole, kaka," alisema Linet.

"Sijapoa, dada."

"Baba alikuwa anamwombea Lewa. Unaijua ile dua. Wewe mwenyewe umetajwa mle tangu unatambaa. Mimi pia."

"Nilimsikia kwa masikio yangu. Jina la mwanangu, mbele ya wafu, kila duara. Alivyolitaja zaidi ndivyo mtoto alivyozidi kuungua." Sauti yake ilikatika, akaikusanya tena. "Nimekwenda kwa mganga, huko mbele ya Ganze. Sikufungua mdomo, akaniambia: kuna wazee wanazunguka, na kila wakizunguka wanakaza uzi."

"Fondo, amekulea."

"Na ng'ombe wa kuchinjwa hulelewa."

Mmoja wa vijana alicheka. Linet alitamani kumtia kofi, lakini aliwageuzia mgongo akaondoka. Aliwapigia polisi simu, na askari aliyepokea akasema watafika asubuhi. Hakudanganya. Walifika asubuhi, mambo yamekwisha.

Kulipopambazuka kesho yake, Jumamosi, walikuwa watatu tu njiani: Kambi mbele na fimbo yake, Jedida na kichwa chake cheusi kama chungu, na Linet nyuma yao. Wazee wengine walibaki majumbani, milango imekazwa. Mduara wa kwanza ulipita. Kambi alikigusa kigango, akasema, "Taire," akaanza kutaja majina. Linet alitaka kumwomba anyamaze, leo tu, lakini alinyamaza yeye.

Jiwe la kwanza lilimpata Jedida mgongoni. Alipogeuka, la pili likampata mdomoni.

Walitokea upande wa pembea, wanne, Fondo mbele. "Mutsai!" walipiga kelele. "Mchawi! Mutsai!" Yule aliyecheka jana alimfikia Jedida, akainua rungu, na bibi akajikinga kwa mkono. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Jedida alianguka akimwita Yesu na mamake pamoja, na kijana akampiga tena, sasa miguuni.

Kambi hakukimbia. Alimkabili Fondo, akanyoosha mkono wa kushoto kama mtu anayempokea mgeni, na kusema, "Mwanangu—"

Panga lilishuka. Vidole viwili vya mzee viliruka vikaangukia njiani, juu ya ule udongo tambarare, na damu ikaruka hadi kwenye uso wa kigango.

Linet alikwisha kukimbia, lakini si kuelekea langoni. Alikimbilia banda la vyuma, akapapasa, akapata bomba ambalo halijatiwa saruji, la urefu wa mkono, akarudi nalo. Kijana wa rungu alikuwa ameinama juu ya Jedida, hakumwona. Linet alimpiga mdomoni. Meno yalimwagika, na kijana akakaa chini kwa mshangao, akashika kidevu, kisha akaanza kutambaa. Wa pili alirusha jiwe, likampasua Linet juu ya jicho, naye hakulisikia. Alimfuata akampiga mbavuni hadi akalala. Wa tatu aliwaona wenzake, akatupa panga lake kwenye majani na kutimua mbio.

Alibaki Fondo. Alikuwa ameinua panga mara ya pili, na Linet akampiga kifundo cha mkono. Panga likaanguka. Akampiga goti. Fondo aliangukia kigango cha babu yao, babake Kambi, mbao ikavunjika kiunoni kwa uzito wake, wakalala pamoja, mtu na mti.

Hapo angeacha. Kila mtu baadaye alimwambia hivyo kwa upole, na yeye alijua zaidi yao. Fondo alikuwa chini, hana silaha, goti limegeuka upande. Lakini Linet alikuwa ameonja. Alimpiga begani. Alimpiga mgongoni. Alikuwa anapiga panga, anapiga mbwa aliyening'inia, anapiga lile neno la ng'ombe, na kila pigo lilikuwa tamu, tusidanganyane, tamu kama maji kwa mwenye kiu. Akaliinua bomba kwa mikono miwili, juu kabisa, akalenga kichwa.

Kambi alijitupa juu ya Fondo. Mzee wa miaka ile, damu inamchuruzika mkononi, alijitupa kama mama anavyomfunika mtoto mvua ya mawe ikinyesha. "Mwanangu huyu!" alisema.

Bomba lilikuwa linashuka tayari.

Kulikuwa na mlio mmoja tu. Kisha ikasikika sauti ya Jedida pembeni, anamwomba Mungu kwa Kigiriama, kanisa limesahaulika. Fondo alikuwa chini ya mzee, damu inamtiririkia machoni na mdomoni. Ilikuwa damu ya Kambi. Aliitema, akaangalia, akajua ni ya nani, akaanza kupiga ukelele ambao haukuwa na neno ndani yake.

"Baba. Baba. Baba," alisema Linet. Bomba lilikuwa bado mkononi. Vidole vilikataa kuliachia.

Fondo alijaribu kumwinua mzee peke yake, yeye aliyekuwa ananyanyua mikebe ya saruji kama vikapu, na goti likamkatalia. Ndipo Linet akalitupa bomba. Walimbeba pamoja, yeye kichwani, Fondo miguuni, akiburuta mguu wake na kupiga kelele kila hatua, na langoni walikutana na gari la Bhavik, linaingia kumleta Motiben kutembea. Bhavik alibaki amekamata usukani, mdomo wazi. Motiben ndiye aliyeshuka. Aliipasua sari yake kwa meno, akakifunga kichwa cha Kambi, akaufunga na mkono, akamgeukia mwanawe, akamfokea kwa Kigujarati hadi gari likawashwa.

Polisi walipouliza nani alimpiga mzee kichwani, wote walimtazama Fondo. Ilikuwa rahisi. Panga lilikuwa lake, na nyumba nzima ilimsikia jana. Fondo mwenyewe aliinamisha kichwa kama aliyekubali.

"Ni mimi," alisema Linet.

Askari alimtazama lile jeraha juu ya jicho, akadhani amechanganyikiwa.

"Nimesema ni mimi. Mkono alimkata yeye. Kichwa nilimpiga mimi."

Kambi hakufa. Aliamka Malindi, upande wa kushoto umelegea na ulimi umefungwa. Alimtazama Linet kama unavyomtazama mtu mliyekaa naye foleni moja. Maji aliyaita kwa kidole. Ugali aliuita kwa kidole. Kesi ilifunguliwa, Linet na Fondo wote wakashtakiwa, wote wakatoka kwa dhamana, na ikawa inaahirishwa kila ikitajwa, maana shahidi mkubwa hakuweza kusema hata jina lake.

Daktari wa viungo alisema mzee lazima atembee, kila siku, mahali tambarare, ashikwe pande zote mbili. Katika Jilore nzima mahali tambarare palikuwa pamoja tu: ile njia ya wazee.

Linet aliifunga ofisi akarudi nyumbani. Safari hii alichagua saa. Alimpeleka jioni, jua likishapoa, watoto wako kwenye pembea na vijana wako kwenye vyuma, watu wote waone. Wazee wengine walianza kurudi saa hiyo hiyo, mmoja mmoja, na Jedida alikuja na mkono uliounga kombo na mvi zake zimeachwa wazi. Lakini Kambi aliangukia kushoto. Linet alimshika kulia, na kila baada ya hatua chache mzee alimponyoka upande wa pili, akaanguka, akachubuka. Hakuna aliyejitolea kumshika huko. Kumwona mchawi akihema ni jambo moja, kumtia mkono kwapani ni jingine. Duara lile zuri halikuwa limewafikisha huko.

Siku moja mzee alipokuwa anaanguka, mtu alimdaka. Linet alitazama, akaona ni Fondo, amekonda, anachechemea kwa lile goti alilomvunjia. Aliliona tena panga, akaviona tena vile vidole njiani. Na Fondo naye alimtazama mkono wa kulia, ule wa bomba, na Linet akajua anaona nini. Kwenye banda la vyuma mikebe ilitulia. Watoto waliziachia pembea zikining'inia.

"Mshike chini zaidi," alisema Linet. "Hapo anaumia."

Fondo alimshika chini zaidi. Wakaanza kutembea, watu watatu wenye miguu minne mizima baina yao.

Walipokifikia kile kigango kilichovunjika, ambacho Jedida alikuwa amemwamuru mtu akifunge kwa waya, mzee alisimama. Walimvuta, akakataa. Akaunyanyua mkono wa kushoto, ule uliolegea, wenye vidole vitatu. Hakuwahi kuunyanyua tangu siku ile. Fondo ilibidi amsaidie. Kiganja kikaigusa mbao.

"Taire," alisema Kambi.

Linet aliganda. Ilikuwa sauti ya mzee mwenyewe, ya zamani, haina kigugumizi.

"Lewa," alisema mzee. "Lewa."

Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto alikufa, au aliambiwa na likapotea pamoja na mengine. Katika kichwa kile kilichopasuka, mtoto alikuwa bado ana homa, na babu yake alikuwa bado anambembelezea.

"Fondo," aliendelea. "Linet."

Kisha akanyamaza, mkono uko pale pale kwenye mbao, anangoja. Hakuwahi kuwa na wa kumwitikia, na sasa alingoja kana kwamba anajua yupo. Upande wa pili Linet alimsikia Fondo anavuta pumzi kwa shida, kama mtu aliyebeba kitu kizito kuliko vyuma vyote alivyopata kuvimimina.

"Za Mulungu," aliitikia Fondo.

Mzee alitikisa kichwa, akainua mguu, wakaanza duara la pili.